Huyu anakunywa sana, yule hapana: ni nini inayotabiri pombe ku kampusi?



Nianze na ukweli: minervali yangu ya miaka mitano, sehemu kubwa ililipwa na kasiksi. Mama yangu, kule Kabare, alikuwa anaivisha ndizi mu shimo, anazikamua na majani, anachanganya ule mutobe na unga wa mtama uliokaangwa, kisha baada ya siku mbili tatu bidoni za manjano zinashuka Bukavu. Kila bidoni ilikuwa kipande cha bordero ya benki. Kwa hiyo mimi sina ruhusa ya kuandika hapa kwamba pombe ni shetani. Nikisema hivyo, natukana mikono iliyonisomesha.

Lakini kuna jambo la pili. Mwenzangu wa chumba, ule tuliingia naye mwaka mmoja, hakumaliza masomo. Kwao baba ni shemasi. Mu ile nyumba hata chupa tupu ya bia haikuwa inaonekana. Mwaka wa tatu hakufanya mitihani, kwa sababu franga za minervali zilikuwa zimeisha ku pombe.

Kama ile siku ya kwanza ungetuweka siye wawili mbele yako, halafu mtu akuulize, "Kati ya hawa, nani pombe itamuangusha?", ungeninyoshea mimi kidole. Mtoto wa mama wa kasiksi! Ungekosea. Na swali lililobaki mu kichwa changu tangu wakati ule njo hili: tunatumia alama gani kujua nani atakunywa vibaya, na je, hizo alama ni za kweli?

Nimesoma kidogo juu ya hii mambo. Sisi watu wa agronomi si waganga wala wanasaikolojia, lakini kutabiri tunakujua. Basi niwaelezee nilichopata.

Kutabiri si kuhukumu

Mwanaagronomi akiambiwa atabiri mavuno, hapigi ramli. Anaangalia mvua, udongo, mbegu, na mtu mwenye jembe. Chukueni ule ugonjwa wa kunyauka kwa migomba uliotesa mashamba yetu ya Kivu. Ni bakteria. Panga iliyokata mgomba mgonjwa, kama haijapitishwa mu moto ao mu javeli, ikienda kukata mgomba mzima inapeleka ugonjwa. Wadudu nao wanaubeba, wakitua ku ua dume. Kwa hiyo nikiona shamba ambalo jirani yake ni mgonjwa, watu wanaazimana panga, na ua dume halikatwi, nasema: hapa hatari ni kubwa. Sijasema shamba limekufa. Na zaidi ya yote, sijasema mwenye shamba ni mtu mubaya.

Hivyo hivyo na mwanafunzi. Kuna mambo ambayo yakiwepo, nafasi ya kunywa sana inapanda. Moja peke yake mara nyingi halitoshi. Yakikusanyika, hapo njo kazi.

Kwanza tukubaliane: "sana" ni ngapi?

Tukisema "anakunywa sana", kila mtu ana kipimo chake. Watafiti wanahitaji namba. Mwaka 1993, kundi la Henry Wechsler wa Chuo Kikuu cha Harvard liliuliza wanafunzi wa vyuo 140 vya Marekani. Kipimo chao kilikuwa hivi: kijana wa kiume aliyekunywa glasi 5 ao zaidi kwa mfululizo, ao wa kike glasi 4 ao zaidi, angalau mara moja mu wiki mbili zilizopita. Walipata asilimia 44. Hao ni Wamarekani, sisi ni sisi, sitaki mubebe hiyo namba muiweke Bukavu. Lakini kipimo chenyewe kinatufaa.

Tukifanye na chupa zetu. Chupa kubwa ya bia ni sentilita 72. Kama bia ni ya asilimia 5, alkoli yenyewe ndani ni mililita 36, yaani karibu gramu 28. Glasi ya kipimo cha Marekani ina gramu 14. Kwa hiyo chupa moja kubwa ni glasi mbili. Msichana aliyechukua chupa mbili tayari amefika ku glasi 4. Kijana aliyechukua tatu amepita 5. Ule mwenzetu anayesema "mimi ni mutu wa tatu tu, sizidishe" anahesabiwa tayari mu kundi la wale wanaokunywa kwa hatari. Na kanyanga ao kasiksi ndiyo ngumu zaidi, maana bidoni haina karatasi ya asilimia. Leo ni nyepesi, kesho ni kali, hakuna aliyepima.

Sasa tuende ku yale yanayotabiri.

1. Umri wa kuanza

Hakuna anayeingia ku kampusi mutupu. Anaingia na mazoea yake ya sekondari. Wechsler na wenzake waliona kwamba waliokuwa wanakunywa sana mu sekondari njo waliendelea kunywa sana ku chuo. Na uchunguzi mwingine mkubwa wa Marekani, uliotolewa mwaka 1997, ulionyesha kwamba kati ya walioanza pombe wakiwa na miaka 14 ao chini, karibu asilimia 40 walifika kuwa watumwa wa pombe wakati fulani mu maisha yao. Kwa walioanza na miaka 20 na zaidi, ilikuwa karibu asilimia 10.

Hapa mwanafunzi mzuri anauliza: je, ni kuanza mapema kunakoleta ugonjwa, ao mtoto anayeanza mapema tayari ana matatizo mengine nyumbani? Swali ni la haki. Mara nyingi ni vyote viwili. Lakini kama unatabiri tu, umri wa kuanza ni alama nzuri.

Mimi nilionja kasiksi nikiwa mudogo kabisa. Ni mambo ya kwetu, mtoto anapewa kidogo ile siku ya kukamua. Kwa hii alama, mimi nilikuwa mbele ya mwenzangu. Yeye alionja pombe mara ya kwanza akiwa na miaka 20.

2. Damu, na ule "asiyelewa"

Tafiti za mapacha zinaonyesha kwamba karibu nusu ya tofauti kati ya watu mu hatari ya utumwa wa pombe inatokana na urithi. Hakuna jini moja la ulevi. Ni nyingi ndogo ndogo, na mazingira juu yake. Kwa hiyo, kama baba ao mjomba wako pombe ilimmaliza, haujalaaniwa, lakini shamba lako liko karibu na mgomba mgonjwa. Panga yako ipitishe mu moto.

Kuna jambo lingine ambalo lilinishangaza. Ku kampusi tunamsifu yule asiyelewa. "Ule mutu ana kichwa! Anamaliza kretu na anatembea sawa." Mtaalamu wa Marekani, Marc Schuckit, alifuata kwa miaka mingi vijana ambao baba zao walikuwa watumwa wa pombe. Aliona kwamba wale ambao pombe haikuwashika haraka njo walikuwa na hatari kubwa zaidi ya kuwa watumwa wake baadaye. Ukifikiri, inaeleweka: anayelewa na chupa moja, mwili wake unamsimamisha. Asiyelewa hana breki. Kile tunachoita nguvu ni alama ya hatari.

3. Unachofikiri wengine wanakunywa

Hii njo ilinibadilisha kichwa. Mwaka 1986, Wamarekani wawili, Wesley Perkins na Alan Berkowitz, walitoa kazi yao juu ya wanafunzi wa chuo kimoja. Waliuliza maswali mawili: weye unaona ni sawa kunywa kiasi gani, na unafikiri benzako wanaona ni sawa kiasi gani? Majibu hayakulingana. Wengi walikuwa watu wa kiasi, lakini kila mmoja alifikiri wengine wanakubali ulevi kuliko yeye. Baadaye tafiti nyingi ku vyuo vingine zilipata hivyo hivyo, na zikaonyesha pia kwamba anayefikiri wenzake wanakunywa sana, yeye mwenyewe anakunywa zaidi.

Kwa nini tunakosea hivyo? Kwa sababu jicho linashika kelele. Jumamosi usiku mutu mmoja akipanda ku meza na kuimba, Jumatatu promosio nzima inaongelea yeye. Wale arobaini waliolala mapema hakuna anayewaongelea. Kichwa kinahesabu story, hakihesabu watu.

Mwenzangu alikuwa mtoto wa nyumba isiyo na pombe. Alipofika Bukavu, hakuwa na kipimo chake mwenyewe. Kipimo chake kilikuwa siye. Mimi nilikuwa najua kwamba mtu anaweza kukaa ku kasiksi na baba zake, achukue kikombe kimoja, aende kulisha mbuzi. Yeye hakuwahi kuona mtu anayekunywa na kusimama. Aliona tu wale wa kelele, akaamini njo hivyo mwanafunzi anaishi.

Musinielewe vibaya. Kwa ujumla, kutoka mu familia isiyokunywa na kuwa na imani inayokukataza ni kinga kubwa, tafiti zinarudia hilo kila mara. Mutu mmoja havunji kanuni. Lakini kinga inayosimama ku macho ya baba tu, baba akibaki ku kijiji, inabaki naye.

4. Kwa nini unakunywa?

Mwaka 1994 mtafiti Mmarekani M. Lynne Cooper alipanga sababu za vijana kunywa mu mafungu manne. Ya kwanza, kufurahi pamoja na watu: sherehe, ndoa, defansi. Ya pili, kutafuta raha yenyewe, kusikia mwili unapanda. Ya tatu, kutotengwa: unakunywa ili wasikucheke. Ya nne, kuzima mawazo: huzuni, hofu, aibu, kukosa usingizi.

Watu wawili wanaweza kukaa ku meza moja, kila mmoja na chupa mbili, na hatari yao si sawa. Anayekunywa ili kufurahi na wengine, sherehe ikiisha anaacha. Anayetafuta raha yenyewe, chupa zinaongezeka. Lakini anayekunywa ili kuzima mawazo, matatizo yanamfuata hata kama chupa si nyingi, kwa sababu asubuhi mawazo yanarudi, na yamezaa. Sasa kuna lile la jana na lile la aibu ya usiku. Dawa inakuwa ile ile.

Na siye huku, mawazo hayatafutwi na taa. Vita. Nyumba iliyohamishwa. Jamaa ambao simu zao haziitiki tena. Minervali isiyotimia. Diploma ambayo haujui itakupeleka wapi, maana wakubwa wa promosio iliyotangulia unawakuta bado wanauza kredi ku barabara. Kama ungeniuliza nichague alama moja tu ya kuangalia kwa mwanafunzi wa Kivu, ningechagua hii.

Mwenzangu alianguka mu sesio ya kwanza ya mwaka wa pili. Kozi tano. Alikaa ku kitanda siku mbili, hasemi. Mimi, kwa roho nzuri, nilitoka nikamununulia sashe mbili. Nilimwambia, "Ndugu, kunywa kidogo, mawazo yatoke." Nilifikiri ninamsaidia. Nilikuwa nimempa maelekezo ya dawa.

5. Unaishi na nani, na sherehe zetu

Tafiti zinarudia kitu kimoja: mwanafunzi anayeishi ku wazazi anakunywa kidogo kuliko anayepanga peke yake ao anayekaa mu homu. Ku Marekani, wale wanaoishi mu nyumba za vyama vya wanafunzi wa kiume njo walikuwa juu kabisa mu kazi ya Wechsler. Si kwa sababu wazazi wanapiga kiboko. Ni kwa sababu kuna mutu anayeona unarudi saa ngapi.

Siye hatuna zile nyumba za vyama, lakini tuna njia zetu. Kuna kupokea wapya, ambako mtoto wa mwaka wa kwanza anapewa chupa na wakubwa wanasimama wanamungojea amalize. Kuna defansi: umetetea kazi dakika ishirini, halafu unadaiwa bia mpaka usiku. Kuna siku ya kutangaza matokeo, ambako aliyepita anakunywa kwa furaha na aliyeanguka anakunywa kwa huzuni, ku meza moja, turne moja. Hii turne nayo ni mutego. Tukiwa sita na kila mmoja analipa turne yake, hakuna anayeweza kuondoka na chupa mbili bila kuonekana muchoyo ao mudai. Hesabu inakunywa kwa niaba yako.

6. Bei, umbali, na siku ya franga

Mkulima anajua: mbolea ikiwa karibu na bei rahisi, inatumika. Pombe pia. Ku Marekani, vyuo vilivyozungukwa na sehemu nyingi za kuuza pombe kwa bei ya chini vilikuwa na ulevi zaidi. Siye tuna sashe, ambayo inaingia mu mufuko wa bluzi ya TP, haina harufu ya chupa ku mkono, na inanunuliwa na chenji. Si bure Tanzania ilikataza pombe za sashe mwaka 2017, na Uganda mwaka 2019. Kitu kidogo cha bei ndogo kinamfikia kwanza mwenye franga kidogo, yaani kijana.

Kuna pia namna franga zinavyofika. Za kwangu zilikuwa zinafika bidoni kwa bidoni. Mama anauza, anatuma kidogo, nalipa aconto, narudi kungojea. Hata kama ningetaka kulewa, na nini? Za mwenzangu zilifika mara moja: baba aliuza ngombe, akamutumia minervali yote ya mwaka ku simu. Kijana wa miaka 22, mwenye aibu ya kozi tano, anayeamini kila mutu anakunywa, anayeishi na mutu wa sashe kama mimi, sasa ana franga za mwaka mzima mu mfuko. Muone vile mambo yalikusanyika. Hakuna hata moja linaloitwa "tabia mbaya".

Aliniambia atalipa Jumatatu. Jumatatu nyingi zilipita. Alianza kunywa peke yake, taa imezimwa, ili mutu wa kanisa asimuone. Ile imani iliyopaswa kumlinda ikawa sababu ya kujificha, na anayejificha hakuna anayemuuliza. Siku ya mitihani, listi ya walio mu kanuni ilibandikwa. Jina lake halikuwamo. Alikunja godoro mbele yangu, akaenda Kamituga ku machimbo.

Na mimi je?

Hapa nilijiona salama. Nilikuwa mutu wa furaha, si wa mawazo. Halafu nikakutana na jaribio linaloitwa AUDIT, la Shirika la Afya Duniani. Lina maswali 10 tu. Lilitengenezwa mu miaka ya 1980 kwa kazi iliyofanyika mu inchi sita, na Kenya ilikuwa mojawapo, kwa hiyo musiseme ni mambo ya wazungu peke yao. Maswali matatu ya kwanza ni juu ya kiasi: mara ngapi unakunywa, glasi ngapi ku siku ya kunywa, mara ngapi unafika glasi 6 ao zaidi. Yanayofuata yanauliza kama unashindwa kuacha ukianza, kama umekosa kazi yako sababu ya pombe, kama asubuhi unahitaji kunywa ili uamke, kama unajuta, kama unasahau ya usiku, kama wewe ao mutu mwingine aliumia, na kama kuna ndugu ao muganga aliyekuomba upunguze. Kila jibu lina pointi 0 mpaka 4. Jumla ya juu ni 40. Kuanzia 8, unaambiwa kunywa kwako kuna hatari.

Angalizo: glasi yao ni ya gramu 10. Chupa yetu ya sentilita 72 ni karibu glasi 3. Mukihesabu chupa kama glasi, mutajidanganya.

Nilipata 9. Nilirudia, nikidhani nimekosea hesabu. Ilikuwa 9. Mimi ambaye nilikuwa namuhurumia mwenzangu.

Tufanye nini? Mambo manne ya kweli

La kwanza, fanyeni lile jaribio peke yenu, na usahihi, bila kumuonyesha mutu. Kama ni 8 ao zaidi, punguza sasa, kabla haijawa kazi kubwa. Kama ni 20 na kupanda, usijaribu peke yako: ongea na muganga. Na anayekunywa kila siku kwa wingi, ambaye mikono inatetemeka asubuhi, asiache ghafla nyumbani. Kuacha ghafla kunaweza kuleta kifafa, na kunaweza kuua. Bukavu kuna kituo cha SOSAME, kinachotunza afya ya akili. Kwenda pale si kuwa mwenda wazimu.

La pili, mu promosio yenu gaweni vikaratasi bila majina. Swali moja: wiki iliyopita ulikunywa chupa ngapi? La pili: unafikiri mwenzako wa kawaida alikunywa ngapi? Hesabuni mbele ya watu wote, muandike namba mbili ku tablo. Kama kwenu ni kama ku vyuo vingine vilivyochunguzwa, namba ya pili itakuwa kubwa kuliko ya kwanza. Ile tofauti ni uwongo tunaoambiana bila kusema. Ukionekana, unapoteza nguvu.

La tatu, tubadilishe turne. Kila mutu alipe chake. Ku defansi, chakula kwanza, na kuwe na maji na sukari za kutosha ku meza, ili asiyekunywa asishike glasi tupu akionekana kama mugeni. Mzazi naye, akiweza, atume franga kwa vipande, ao alipe yeye mwenyewe ku benki ya chuo.

La nne, ndugu akianguka, usimununulie. Kaa naye. Uliza maswali ya wazi: "Unalala? Unakula? Franga za minervali ziko wapi?" Hilo la mwisho linauma kuuliza. Mimi niliona aibu kuliuliza, na ile aibu yangu ilimugharimu mwaka.

Mwisho

Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilisema wazi kwamba hakuna kiasi cha pombe ambacho mutu anaweza kuhakikishiwa hakina hatari kwa afya. Nilimuelezea mama. Alinyamaza kidogo, akauliza, "Basi ndizi tufanyie nini?" Sina jibu kamili, ingawa njo kazi niliyosomea. Kwa sasa tunajaribu kuuza sehemu ya ndizi zikiwa mbivu, na bei bado haifiki ya kasiksi. Sitaki kuwadanganya kwamba ni rahisi.

Mwenzangu nilimpigia simu kabla ya kuandika, kumuomba ruhusa. Yuko mzima. Ameacha, ana mtoto mmoja. Alisema, "Andika. Lakini usiandike kwamba nilipenda pombe. Sikuipenda hata siku moja."

Nimeandika vile alisema. Kama umesoma mpaka hapa, unaelewa kwamba ile sentensi yake ni fungu la nne la Cooper, bila yeye kumjua Cooper.

Hivi karibuni tutapokea wapya. Kuna mmoja kati yao atakayesimama na chupa mu mkono, anatuangalia siye wakubwa ili ajue mwanafunzi anaishi namna gani. Kipimo chake ni siye. Naomba kamati ya chama ijibu swali moja kabla ya ile siku: je, kuna kitu kingine tunaweza kumuwekea mu mkono?